Lego za Mtoto Bila Kuvunja Kibubu: Hatua kwa Hatua

Mwaka jana niliingia duka moja kubwa la midoli mjini na mwanangu wa miaka sita, nikamwambia tunachungulia tu. Akaenda moja kwa moja kwenye boksi la gari la zimamoto la Lego, boksi lenyewe halizidi lile la viatu vya mtoto, nikaligeuza kutafuta bei: laki mbili na themanini. Nikamuuliza dada wa dukani, samahani dada, hii bei ni ya boksi au na rafu yake? Akacheka, nahisi sikuwa wa kwanza. Sasa mimi nina pagale langu Chanika limesimama kwenye lenta tangu mwaka juzi, kwa hiyo bei ya tofali naijua hata usingizini, na hesabu iliyonijia pale pale ni kwamba kwa ile hela napata tofali za nchi sita karibu mia mbili, za saruji kabisa, za kulala watu ndani.

Tukatoka mikono mitupu, mtoto kanuna mpaka Mbezi. Ila hakuacha kuuliza, na mimi nikaanza kufuatilia hii kitu kidogo kidogo, nimenunua vibaya mara mbili na vizuri mara kadhaa, na leo nyumbani kuna ndoo ya lita kumi imejaa matofali ambayo jumla yake haijafika nusu ya bei ya lile boksi. Hizi ndo hatua nilizopitia, nimezipanga vile ambavyo ningetamani mtu anipangie mimi siku ile.

Hatua ya 1: Jua unalipia nini

Kwanza tuelewane maneno. Bongo kila tofali la plastiki la kuunganisha tunaliita lego, kama tulivozoea kila sabuni ya unga kuiita Omo. Lego yenyewe ni kampuni ya Denmark, ilianzishwa mwaka 1932 na fundi seremala, Ole Kirk Kristiansen, kwenye kamji kanaitwa Billund, kazi za ujenzi zilikua zimekauka kwa hali mbaya ya uchumi akaanza kuchonga midoli ya mbao. Jina limetoka kwenye maneno ya Kidenmark leg godt, yaani cheza vizuri.

Tofali la plastiki lilikuja baadae, na lile tunalolijua leo lilisajiliwa tarehe 28 Januari 1958. Kilichobadilika mwaka ule kiko chini ya tofali, sio juu. Ligeuze uone, ndani kuna mirija. Kabla ya hapo matofali yao yalikua matupu kwa ndani, ukipanga mnara na mtoto akapiga chafya umeanguka. Ile mirija ndo inabana vinundu vya tofali la chini, na ndo maana tofali la 1958 bado linashikana na lililotoka kiwandani juzi. Hili liweke kichwani, maana ndo sababu kubwa ya kununua hivi vitu: hata ukiongeza kidogo kidogo miaka kumi, kila kipya kinaingia kwenye cha zamani, na mtumba hauchachi.

Sasa bei inatoka wapi. Sehemu ni ubora kweli, tofauti ya tofali na tofali ni ndogo kuliko unywele, na plastiki yake ni ngumu ile inaitwa ABS. Sehemu ni jina la filamu: tangu 1999 walipoanza na Star Wars, seti nyingi zina wahusika wa sinema na katuni, na huyo mwenye katuni naye anachukua chake. Sehemu ni safari, ushuru wa forodha, VAT ya asilimia 18, na pango la duka lenye kiyoyozi. Ubora utaufaidi miaka yote, jina la filamu mtoto atalisahau zikitoka katuni nyingine, na kiyoyozi cha duka huendi nacho nyumbani.

Hatua ya 2: Tofautisha ndugu na feki

Hapa watu wengi wanachanganya. Sio kila tofali lisilo Lego ni feki. Ule usajili wa tofali ulishaisha muda wake zamani, kampuni ikajaribu kulilinda kwa njia ya alama ya biashara, Mahakama ya Juu ya Kanada ikawakatalia 2005 na mahakama ya Umoja wa Ulaya ikawakatalia 2010, kwamba umbo la tofali ni la kazi, sio nembo. Kwa hiyo kina Mega wa Kanada, Cobi wa Poland, Sluban wa China wanatengeneza matofali yanayoshikana na Lego kihalali kabisa, na wana michoro yao wenyewe. Hawa mimi nawaita ndugu.

Feki ni yule anayechukua seti ya mwenzie kama ilivyo, picha ya boksi ile ile, mpangilio ule ule, anabadilisha herufi mbili za jina. Lepin ndo ilikua maarufu kwa hilo mpaka polisi wa Shanghai walipowavamia mwaka 2019.

Kujua orijino ni rahisi mno: angalia juu ya kila kinundu, kila kimoja, kimeandikwa LEGO kwa maandishi madogo. Sio kwenye boksi, kwenye kinundu. Kama hakuna, sio ya kwao, basi sasa jiulize ni ndugu au ni feki na ubora wake ukoje.

Hatua ya 3: Umri kwanza, na mdogo wake pia

Chini ya miaka mitatu matofali madogo hapana, usibembelezwe. Mtoto wa umri ule dunia anaijua kwa mdomo. Chukua kile kiini cha karatasi ya chooni, kile kibomba cha boksi, kipande chochote kinachopita humo ndani ni kidogo mno kwa mtoto wa umri huo. Tofali za kawaida zinapita zote kama maji.

Kwa hao wadogo kuna Duplo, ilitoka 1969, ni tofali lile lile mara mbili kwa urefu, upana na kimo, kwa hiyo tofali la kawaida nane zinaenea kwenye nafasi ya Duplo moja. Raha yake ni kwamba tofali za kawaida zinakaa juu ya Duplo, kwa hiyo mtoto akikua hazitupwi, zinakua msingi wa nyumba. Kuanzia mwaka mmoja na nusu anaanza nazo.

Akifika miaka minne tafuta boksi lililoandikwa 4+, hizo zina vipande vikubwa kidogo na mfano anaumaliza mwenyewe bila wewe kuitwa kila dakika. Namba ya umri kwenye boksi sio sifa ya akili ya mtoto jamani, nimeona wazazi wananunua ya 9+ kwa mtoto wa miaka mitano "kwa sababu ni mjanja", matokeo yake anajenga baba, mtoto anaangalia.

Na kama ndani kuna mdogo wake anatambaa, weka sheria: matofali madogo yanachezewa juu ya meza au kitandani, hayashuki sakafuni mpaka mdogo amelala. Sisi ilituchukua wiki mbili kuizoea hiyo sheria na mama watoto alishataka kuitupa ndoo nje.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya kipande kimoja

Usiangalie ukubwa wa boksi, ndani kuna hewa nyingi. Angalia idadi ya vipande, imeandikwa mbele, afu gawanya bei kwa hiyo idadi. Wazoefu wa Marekani wana kipimo chao kwamba senti kumi kwa kipande ni bei ya kawaida, chini ya hapo umepata, juu ya hapo kuna kitu kingine unalipia.

Mfano, boksi la Lego Classic (yale ya matofali mchanganyiko tu, bila mfano mmoja maalumu) namba 10696 lina vipande 484, kwa Marekani nimeliona kwenye dola 35. Ukishika dola kwa shilingi 2,500 ni kama 87,500, gawanya, inakuja kama shilingi 180 kwa kipande, kabla ya usafiri na kodi. Sasa nenda upande wa pili, ile Millennium Falcon kubwa, chombo cha anga cha Star Wars, ya mwaka 2017, vipande 7,541, ilianza dola 800 na baadae ikapandishwa 850. Hiyo ni senti kumi na moja na kitu kwa kipande, tena wakubwa wenyewe ndo wanainunua na kuiweka kabatini, mtoto haruhusiwi hata kuipulizia vumbi.

Ila hesabu hii ina mtego. Kuna seti zina vipande elfu na kitu, ukifungua nusu yake ni vitu vya kinundu kimoja, vidogo kama punje ya mahindi. Idadi imejaa, mkono mtupu. Kwa hiyo ukishagawanya, angalia na picha ya nyuma ya boksi: kuna tofali za mbili kwa nne (vinundu viwili kwa vinne) ngapi, kuna magurudumu, kuna madirisha na milango? Hivi vinne ndo mtaji. Mtoto mwenye tofali za kawaida 150, magurudumu nane, milango miwili na bamba moja la kujengea juu yake anajenga kuliko mwenye chombo cha anga cha vipande 600 ambacho kila kipande kina sehemu moja tu ya kukaa.

Hatua ya 5: Pa kununua, na jinsi ya kuchambua mtumba

Mpya ya dukani nunua moja, boksi la Classic dogo au la kati, kama mbegu. Baada ya hapo hamia mtumba.

Marobota ya midoli ya mtumba yanakuja, na ndani yake kuna lego zinazotoka majumba ya Ulaya, zimechanganyika na mikono ya wanasesere na vigari visivyo na matairi. Mimi naendaga soko la Karume asubuhi, kabla jua halijawa kali, wauzaji wengine wanauza kwa kufungasha kwenye mfuko wa nailoni, wengine kwa kukadiria kwa jicho. Ukipata wa kupima kwa kilo jua hivi: tofali la mbili kwa nne lina gramu mbili na nusu kasoro, kwa hiyo kilo moja ya hizo ni zaidi ya mia nne. Hapo ndo unajua kama unapigwa au unapiga.

Siku moja nimechuchumaa pale, kijana akanimwagia fuko zima kwenye turubai, "kaka chagua mwenyewe, zote lego hizo". Hazikua zote lego. Nilivofanya ni hivi. Naokota kimoja kimoja na kuangalia kinundu, mwenye maandishi kushoto, asiye na maandishi kulia. Afu nageuza naangalia ndani, kwenye orijino kuna namba ndogo sana, ya mbili kwa nne ni 3001, ya mbili kwa mbili ni 3003, hizi zote nazitaka. Afu naangalia alama za meno, kwa sababu watoto wa Ulaya nao wanatafuna kama wetu, kipande kikishatafunwa kwenye ukingo hakikai tena vizuri. Nyeupe iliyogeuka njano ni jua tu, inafanya kazi, omba punguzo. Iliyopasuka ufa mdogo pembeni acha, haing'ati tena. Kijana akaanza kuchoka, "kaka unachambua kama mchele". Nikamwambia ndo mchele wenyewe huu bosi wangu. Nilitoka na mfuko wa elfu kumi na tano, nyumbani tukahesabu vipande 230 na kitu, na kofia moja ya askari bila askari.

Njia ya tatu ni ndugu aliye nje. Kama una shangazi Uingereza au kaka Muscat usimwombe boksi, boksi linakula nafasi kwenye begi na atakuchukia. Mwambie atafute zilizotumika, kule maduka ya hisani wanauza kwenye mifuko, amwage ndani ya viatu na kwenye pembe za begi, hazivunjiki. Na kama anakuja na seti kamili, boksi atupe, kitabu cha maelekezo hata akikisahau sio tatizo, kwenye tovuti ya Lego unaweka namba ya seti unakipata bure kwenye simu.

Kuagiza onlaini kutoka China inawezekana na bei inavutia, ila soma idadi ya vipande na vipimo kwa makini. Kuna jamaa yangu alipokea nyumba ya ghorofa tatu inayoingia kwenye kiberiti, vile vijitofali vyake ni vidogo kuliko vya kawaida na havishikani na kitu kingine chochote ndani ya nyumba.

Hatua ya 6: Jaribu kabla hela haijatoka

Hapa nilishaumia. Baada ya ile siku ya zimamoto nikapita duka jingine, silitaji, nikaona gari linalofanana kabisa kwa elfu thelathini na tano. Nikajiona mjanja. Usiku tukakaa mezani, ukurasa wa kwanza sawa, wa pili sawa, tumefika kwenye ngazi ya gari kila tukibonyeza upande huu upande ule unaachia, tofali nyingine zinabana mpaka kucha inauma na nyingine zinalegea kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Saa nne usiku mtoto akasema baba tuache tu, na ile sauti yake ya kunihurumia iliniuma kuliko hela.

Kwa hiyo omba kufungua, na kama ni mtumba ndo kabisa. Panga tofali kumi ziwe mnara, shika ya juu kabisa, ning'iniza na utikise. Zikidondoka rudisha. Afu mpe mtoto atenganishe, akishindwa kabisa nayo ni mbaya, zuri linashika ukitikisa na linaachia mkono wa mtoto ukitaka. Nusa pia, ikinuka kama mafuta ya taa au rangi mbichi achana nayo. Pitisha kidole kwenye kingo, pasiwe na kipande cha plastiki kimebaki kinachochoma. Na seti yoyote yenye sumaku ndogo ndogo au betri za duara za saa usilete kwenye nyumba yenye mtoto mdogo, hizo zikimezwa ni hospitali na upasuaji.

Hatua ya 7: Osha bila kuharibu

Mtumba lazima uoshwe. Chukua ule mfuko wa wavu wa vitunguu, weka matofali, funga mdomo, zamisha kwenye beseni la maji ya uvuguvugu na sabuni ya kawaida, tikisa kama unaosha dagaa, suuza mara mbili. Maji yasizidi joto la 40, yaani mkono wako unakaa bila kuungua, na usiweke kwenye mashine ya kufulia wala usichemshe, plastiki inajikunja na ikishajikunja haishiki tena. Vipande vya umeme na vyenye stika vifute tu kwa kitambaa. Anika kivulini, mfuko huo huo uning'inize kwenye kamba, jua letu la saa saba litakugeuzia nyeupe zote kuwa njano.

Hatua ya 8: Siku ya kwanza usimpe ndoo nzima

Mtoto akimwagiwa vipande 500 anavichezea kama mchanga, anachota anamwaga. Anza na sita. Tofali sita tu za mbili kwa nne, rangi moja. Utaona ni chache, ila hesabu ya njia za kuziunganisha ni 915,103,765, aliikokotoa mwanahesabu wa Chuo Kikuu cha Copenhagen, Søren Eilers, na wenzake, kampuni yenyewe kwa miaka mingi ilikua inataja milioni 102 na ushee kwa sababu walihesabu minara mirefu tu wakasahau mengine yote. Mwambie ajenge bata. Wewe jenga na wako, mama yake na wake, bila kuangaliana. Wanatoka bata watatu tofauti na mnacheka nusu saa, kwa tofali kumi na nane.

Baada ya hapo mwachie na mpe kazi za mtaani kwake: bajaji, kibanda cha chipsi, geti la shule. Wangu alijing'ang'aniza na mwendokasi, lile basi refu la Kimara–Kivukoni lenye mkunjo katikati. Alijenga refu kweli, tofali za bluu zikaisha akamalizia na kijani, ila lilikua mti, halikati kona. "Baba mbona la kweli linapinda?" Nilikua na jibu nikanyamaza, na najisifu kwa hilo maana sio tabia yangu. Siku ya pili yake naona kaunganisha behewa mbili kwa kinundu kimoja tu badala ya viwili. Vinundu viwili vinakaza, kimoja kinazunguka. Akalikatisha kona ya mguu wa kochi, akarudi, akalikatisha tena, kama mara ishirini hivi, anatoa na ile sauti ya mlango.

Hiyo ndo raha yenyewe, na haikua kwenye boksi lolote. Kama una seti yenye maelekezo ijengeni mara moja kama ilivyo, ikae wiki moja aringie wenzake, afu ivunjeni iingie kwenye ndoo. Seti iliyogandishwa juu ya kabati ni pambo.

Na kuvunja wasitumie meno. Kuna kifaa kidogo cha rangi ya chungwa kinakuja kwenye baadhi ya maboksi, ni cha kubandulia, kikipatikana kwenye mtumba kamata kabla ya kitu kingine chochote.

Hatua ya 9: Khanga ya kuhifadhia

Usinunue makontena. Tandaza khanga kuukuu sakafuni, mwaga matofali juu yake, cheza yote yaishie humo humo. Mkimaliza kamata pembe nne, inua, ingiza kwenye ndoo na khanga yake. Dakika moja. Kipande kimoja kitabaki hata hivo, siku zote kinabaki kimoja, na utakipata saa nane usiku kwa unyayo ukienda kuangalia kama luku imeisha. Kwa hiyo kabla hujafagia sebuleni pitisha tochi ya simu kwa kulala chini, usawa wa sakafu, kila kinundu kinatupa kivuli. Sisi wiki iliyopita tulipata chini ya friji gurudumu moja, tofali tatu, na yule askari mwenye kofia yake.